Diwani wa Urari

Wanaopenda kusikia barabara ilivyokuwa na chakula gani kiliuzwa njiani watafute msimulizi mwingine. Hapa itoshe kujua kwamba Mwalimu Sikudhani Mbaruku alitoka kwao akafika Urari, nchi ambayo haimo katika ramani yoyote ya shule, na kwamba alipelekwa huko kufundisha somo la Uraia darasa la tano. Mada aliyopewa ilikuwa moja tu: jinsi serikali ya mtaa inavyofanya kazi. Kwao alikuwa ameifundisha mada hiyo mpaka akawa anaweza kuifundisha huku anasahihisha madaftari ya somo jingine, kwa hiyo alikwenda bila wasiwasi. Wasiwasi aliukuta huko huko.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni kwa mwandiko mkubwa: Diwani ni mtu anayechaguliwa na wananchi wa kata ili awawakilishe. Hata nukta hajaweka, darasa likaangua kicheko. Sikudhani akajipapasa mgongoni akidhani gauni limechanika. Gauni lilikuwa zima. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainuka kwa adabu. Aliitwa Mwanakombo Chande, na darasa zima lilimjua kwa mwandiko wake mzuri.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Hapo kwenye neno mtu umekosea. Ni kitabu."

Sikudhani alidhani anataniwa. Haikuchukua muda akagundua kwamba watoto wale walikuwa wanasema kweli tupu, na kwamba anayehitaji kufundishwa ni yeye. Walimweleza kwa kupokezana, kwa upole ule ambao mtu humwonyesha mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Zamani, walisema, mpiga mbiu alipita akitangaza amri kutoka makao makuu: kila kata iwe na diwani. Watu wa Urari walitazamana. Diwani waliyemjua wao alikuwa mmoja tu, kitabu kikubwa cha mashairi kilichoachwa na malenga wao wa kale, na kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeimba beti zake. Wakauliza masharti. Mpiga mbiu akayataja: awe mkazi wa kata, awe anajua kusoma na kuandika, awe na tabia njema, asiwe amewahi kufungwa. Kitabu kile hakikuwahi kutoka Urari hata siku moja. Kuhusu kusoma na kuandika, kilikuwa maandishi kuanzia jalada hadi jalada. Kuhusu tabia, hakuna aliyewahi kukiona kimelewa.

Palikuwa na mgombea mwingine, mwanadamu, ambaye alikata rufaa akidai kwamba mpinzani wake hufungwa kila jioni baada ya kusomwa. Shauri hilo liliitikisa nchi. Mwishowe waamuzi walisema kwamba kitabu hakifungwi, hufunikwa, na kufunikwa si kosa la jinai. Yule mgombea akashindwa vibaya, na tangu hapo Mheshimiwa Diwani hajapata mpinzani.

Sikudhani alijaribu kurudisha somo njiani. Akawaeleza kwamba kwao diwani ni binadamu mwenye mikono na miguu, na wananchi humpelekea shida zao. Mwanakombo akanyoosha mkono tena.

"Mkimpelekea shida, anajibu?"

"Anajibu."

"Anajibu mlichomwuliza?"

 Sikudhani alikumbuka siku walipomwuliza diwani wao habari za bomba la maji, naye akazungumza kutwa nzima juu ya umuhimu wa mshikamano.

"Mara nyingine anajibu kingine," alikiri.

"Kwa vina?"

"Bila vina."

Darasa zima likamtazama kwa huruma. Alifuta ubao, akawaambia wasome kimya kimya, akakaa kwenye kiti chake akijiuliza ni nani kati yao amechanganyikiwa.

Huenda angezoea. Watu huzoea mambo makubwa kuliko hayo. Lakini shule ile ilikuwa na shida moja isiyosubiri mtu azoee. Choo chake kilikuwa kimetitia wakati wa masika, shimo na kuta pamoja, na kilichobaki kilikuwa rundo la matofali na harufu. Wavulana walikwenda nyuma ya shamba la mahindi la jirani. Wasichana walivumilia mpaka saa sita, kisha walikwenda makwao, na wengi hawakurudi mchana. Baba yake Mwanakombo, Bwana Chande, mtu wa maneno machache aliyekuwa akifuma mikeka, alikuja shuleni akamwita Sikudhani pembeni.

"Mwalimu, mimi shule siikatai," alimwambia. "Ninachokataa ni binti yangu kujisitiri kwenye mahindi ya watu. Muhula huu amalizie hivyo hivyo. Shule ikifunguliwa tena bila choo, atabaki nyumbani na mama yake."

Sikudhani aliona uchungu. Mwanakombo ndiye mtoto aliyempenda kuliko wote, ingawa alijitahidi isionekane, na alijua kwamba mtoto akibaki nyumbani muhula mmoja huwa amebaki moja kwa moja. Basi akafanya kile alichokuwa akiwafundisha watoto wa watu miaka yote: akaenda ofisi ya kata kumwona diwani.

Mtendaji wa Kata, Bwana Masoud Tindwa, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alimpokea vizuri, lakini kabla hajamkaribisha kiti alimwomba amsalimie Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa amelazwa juu ya mto wa mahameli kwenye kiti kirefu, na karani mmoja alikuwa akimfukuzia nzi. Sikudhani, akiona aibu mwili mzima, alikiambia kitabu shikamoo. Mtendaji akaitika marahaba kwa niaba.

Kisha Mtendaji akamsifu bosi wake. Mheshimiwa hajawahi kukosa kikao. Hajawahi kupokea mlungula, hajahama chama, hajaahidi kitu asichotimiza, kwa sababu hajaahidi kitu. Neno alilolisema mwaka jana ndilo analolisema mwaka huu. Je, huko kwa Mwalimu yuko diwani mwenye sifa hata nusu ya hizo? Sikudhani alitafuta kichwani akakosa. Alianza kuogopa kwamba Mtendaji ana hoja.

Shauri la choo likapangwa kusikilizwa barazani, na Sikudhani akaenda na darasa zima wakajionee serikali ya mtaa ikifanya kazi. Baraza la Urari lilikuwa na vyama viwili. Kulia waliketi Wenye Fani, ambao waliamini kwamba jambo likisemwa kwa urari wa vina na mizani ni la haki. Kushoto waliketi Wenye Maudhui, ambao waliamini kwamba cha muhimu ni alichokusudia malenga, na kwa kuwa malenga alikwisha kufa, walikuwa huru kukusudia kwa niaba yake. Katikati alikaa Mhakiki wa Kata, Bi Rukaya, mama mkali mwenye miwani, ambaye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumfungua Diwani.

Sikudhani alisimama akasema kwamba choo cha shule kimetitia na wanaomba kingine. Wenye Fani wakainuka wote kwa pamoja. Maombi yale, walisema, ni nathari, na nathari haiwezi kuingia kwenye kumbukumbu za baraza kwa sababu haina mahali pa kupumua. Wenye Maudhui wakajibu kwamba mgeni asamehewe, kwa kuwa neno "kimetitia" lina mdundo fulani. Wakabishana juu ya mdundo wa "kimetitia" mpaka jua likageuka. Choo chenyewe hakikutajwa tena na mtu.

Hatimaye Bi Rukaya alifumba macho, akamfungua Diwani kama ilivyo desturi, akaweka kidole, akafumbua macho na kusoma:

Asumini ua jema, harufu yatanda kote,
Anusaye husimama, asitamani chochote.

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Uamuzi ulitolewa hapo hapo: Mheshimiwa amesikia habari za ile harufu inayotanda kote, ameilinganisha na asumini, na ameagiza kwamba kila mwanafunzi atakayeinusa asimame na asitamani chochote. Mtendaji akampa Sikudhani mkono wa pongezi. Si kila shauri, alimwambia, hujibiwa waziwazi namna hiyo.

Tangu siku hiyo, kila upepo ulipovuma kutoka upande wa matofali, darasa la tano zima lilisimama wima. Mwanakombo naye alisimama, miguu ameibana, macho ubaoni, akijitahidi kutotamani chochote. Sikudhani aliwaambia wakae. Wakamkumbusha kwamba ni amri ya Diwani, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuheshimu maamuzi halali ya baraza.

Somo lililofuata katika mtaala lilikuwa na kichwa hiki: Wananchi wafanye nini diwani asipowasikiliza? Jibu alilijua, wasubiri uchaguzi wamchague mwingine. Alipotaka kuliandika akakumbuka kwamba Urari hakuna kitabu kingine. Halafu akakumbuka kwamba hata kwao walikuwa wakisubiri, na kila mara walichagua mtu mwingine, na bomba lilibaki kavu vile vile.  Alichoka, tena alikasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana adui yake alikuwa kitabu kilicholala juu ya mto.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni ndipo kata nzima ilipopigwa na taharuki. Diwani anaumwa. Mchwa walikuwa wamepanda mguu wa kiti, wakapita katikati ya mahameli, wakamwingia Mheshimiwa kurasa za katikati. Watu walifunga maduka. Kina mama walipeleka uji ofisini, wakaukabidhi kwa karani. Bi Rukaya alichunguza jeraha akasema si la kufisha: ukurasa mmoja ulikuwa umeliwa, na humo ubeti mmoja umetoweka kabisa isipokuwa neno lake la mwisho, "ndani".

Urari walikuwa na desturi ya kumtibu Diwani. Kurasa zilizochakaa zilinakiliwa na watoto wa shule, kwa sababu mwandiko wa maofisa ulikuwa hausomeki hata na maofisa wenyewe. Bi Rukaya akaja mwenyewe darasa la tano, ukurasa mgonjwa ameufunga kwa kitambaa cheupe. Akamkabidhi Mwanakombo.

"Ubeti uliopotea mtaujaza ninyi," alisema. "Sijali mtajaza nini. Mradi vina visivunjike, mizani itimie, na hiyo ndani ibaki mwishoni pale pale ilipo. Maiti hafukuliwi, na neno lake haliguswi."

Alipotoka, kelele zilizozuka Sikudhani hakuwahi kuzisikia darasani kwake. Mmoja alitaka ubeti uagize uji wenye sukari. Mwingine alitaka uwanja wa mpira. Wa nyuma kabisa alitaka Jumatatu ifutwe. Mwanakombo akasimama akasema anataka choo. Wavulana wakaguna kwamba hilo ni la wasichana. Yeye akawauliza kama wao hawachoki kusimama kila upepo unapovuma. Wakafikiri, maana walikuwa wamechoka sana. Mtu akasema wanyooshe mikono. Wakanyoosha mikono, wakahesabiana, wakashutumiana kwamba fulani amenyoosha miwili, wakahesabu upya. Uji ukashindwa. Choo kikashinda, na waliotaka uji wakanuna, lakini waliposikia kazi ya kutafuta vina inaanza wakasogea nao.

Sikudhani alikaa kwenye kiti chake. Hakujua kama anachokiona kinaruhusiwa. Lilimpitia wazo kwamba ni kughushi, na anapaswa kukizuia. Likampitia jingine kwamba kwa miaka yote ya kufundisha mada hii leo ndiyo mara ya kwanza anaiona. Mawazo yote mawili yalimkaa kichwani kwa pamoja na hakuna lililokubali kumpisha mwenzake.

Waliandika hivi, kwa mwandiko wa Mwanakombo:

Choo kijengwe cha shule, karibu na darasani,
Wasichana wakitwale, wasirudi majumbani,
Wapate kusoma tele, hadi jua la jioni,
Mlango ufungwe kule, komeo liwe kwa ndani.

Mwanafunzi mmoja aliuliza "kule" ni kule wapi. Mwanakombo alimjibu kwamba si popote, limewekwa ili liitikiane na shule. Hilo la komeo alilisisitiza yeye na wasichana wenzake, kwa sababu choo kisichofungika kwa ndani wanakijua wenyewe taabu yake. Sikudhani alihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, akakuta imetimia. Hakuona kosa la kusahihisha. Akaweka alama ya vema pembeni, kisha akakumbuka anamwekea nani alama ile, akaifuta haraka.

Diwani aliyetoka kuugua hufunguliwa kwanza pale palipotibiwa, ili ijulikane kama sauti imerudi. Bi Rukaya aliusoma ubeti mpya mbele ya baraza lililojaa.  Wenye Fani wakahesabu mizani, wakahesabu tena, wakatangaza kwamba ni ubeti safi. Wenye Maudhui waliona ajabu kubwa zaidi: malenga wa kale, aliyekufa kabla shule haijajengwa, alikuwa amekiona choo cha shule kikititia. Mzee mmoja alilia waziwazi. Bi Rukaya alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa kanga, akamtazama Mwanakombo kitambo, kisha akaivaa. Mtendaji akaagiza mafundi waanze kazi wakati wa likizo, na wafuate maneno ya Mheshimiwa kama yalivyo, wasiongeze wala wasipunguze.

Bwana Chande alipopewa habari alisema tu kwamba ataamini akikiona.

Siku ya kufungua shule, Sikudhani alikuta umati uwanjani. Choo kilikuwapo kweli, karibu na darasa, kuta zake zimepigwa chokaa. Paa halikuwapo kwa kuwa halikutajwa katika ubeti. Kuta nazo hazikutajwa, lakini Wenye Maudhui walikuwa wameshinda hoja kwamba choo bila kuta ni shimo tu. Mbele palikuwa na mlango wa mbao nzito, umefungwa. Mtendaji alihutubia kwa furaha, akawakabidhi wasichana choo chao, watu wakapiga makofi. Makofi yalipoisha, Sikudhani aliusukuma mlango. Haukusogea. Akatafuta kitasa, hapakuwa na kitasa.

Mtendaji akamweleza kwa sauti yake ya kubembeleza. Fundi alikuwa ameufunga mlango kwa komeo la ndani kama alivyoagizwa, kisha akapanda ukuta akatoka kwa juu. Ulikuwa umefungwa barabara, alisema, hata upepo haupiti.

"Sasa watoto wataingiaje?" Sikudhani aliuliza.

"Mwalimu, ubeti umesema wakitwale. Wamekitwaa, ni chao. Kuingia ni shauri jingine, litahitaji ubeti wake."

Nyuma yao vyama viwili vilikuwa vimeshaanza kuvutana. Wenye Maudhui walidai kwamba neno "kule" ndilo lenye siri, na kwamba malenga alikusudia mlango ufungwe kule na ufunguliwe huku. Wenye Fani walisema kufunguliwa hakumo katika mizani. Sikudhani alihisi machozi. Alikumbuka alivyohesabu nane kwa nane kwa vidole vyake mwenyewe, akaona ujinga wake wote umesimama pale umepakwa chokaa.

Bwana Chande alikuwa amekuja na binti yake, amemshika mkono. Alisogea, akaweka kiganja juu ya mlango, akasukuma kidogo, akasukuma kwa nguvu. Akageuka bila kumtazama mtu.

"Twende nyumbani, mama," alimwambia Mwanakombo.

Mwanakombo hakusogea. Alimtazama baba yake, akautazama mlango, akauchomoa mkono wake taratibu. Akamvisha baba yake begani mkoba wake wa madaftari, akazunguka nyuma ya choo. Watu walisikia miguu ikikwaruza chokaa. Kichwa kikatokea juu ya ukuta, kisha magoti, kisha akatoweka na kishindo kikasikika ndani. Komeo likalia. Mlango ukafunguka, na Mwanakombo akasimama pale, magoti meupe kwa chokaa.

 Mtendaji alijikaza akasema kwamba kwa heshima zote, ubeti umeagiza mlango ufungwe.

"Naufunga, Bwana Mtendaji," Mwanakombo alisema. "Na mimi niko ndani."

Akaufunga. Komeo likaingia mahali pake. Wenye Fani walitafuta kosa wakalikosa. Wenye Maudhui wakaangaliana.  Msichana mmoja wa darasa la tano akajitoa kwenye umati akasimama mbele ya mlango, mwingine akamfuata, na muda si muda foleni ikawa imefika mlangoni mwa darasa.

Bwana Chande alisubiri na ule mkoba begani, mdogo mno kwa bega lake. Mlango ulipofunguka tena na msichana wa pili kuingia, alimsogelea binti yake, akamkung'uta chokaa magotini, akamvisha mkoba wake.

"Jioni usichelewe," alimwambia, akaenda zake.